NANI ATAULIZWA? Barua ya Makubaliano kati ya Mkaguzi wa Hesabu na Wanaokaguliwa



Mada tuliyopewa ina sura ya kiofisi, na huenda baadhi yenu mmejiuliza Tume ya Haki na Amani inatafuta nini katika barua za wahasibu. Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya ardhi, mirathi ya wajane, mahabusu na uchaguzi. Leo tunazungumza juu ya karatasi mbili tatu ambazo hutiwa sahihi kabla mkaguzi hajafungua daftari hata moja. Tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa tumeona kwa macho yetu watu wakipoteza haki yao kwa sababu karatasi hizo hazikuwapo.

1. Jambo tuliloliona

Baadhi yetu tulikuwa wanachama wa chama kimoja cha kuweka na kukopa. Hatutakitaja jina, maana nia yetu si kumwaibisha mtu. Wanachama walikuwa walimu wa shule ya msingi, wakulima, mafundi cherehani na akina mama wa sokoni. Kila mwaka alikuja mtaalamu wa hesabu, akakaa siku mbili, akachukua madaftari, na baada ya majuma machache akarudisha taarifa iliyojalidiwa vizuri na yenye muhuri. Katika mkutano mkuu mwenyekiti aliinyanyua juu ili wote waione, akasema, "Hesabu zetu zimekaguliwa." Tulipiga makofi. Nasi tuliosoma kidogo tulipiga makofi pamoja na wengine, wala hatukuomba kusomewa hata ukurasa wa kwanza.

Mwaka wa nne, mwezi wa Januari, wanachama walipofika kuchukua akiba zao kwa ajili ya ada za watoto, fedha hazikuwapo. Mweka hazina alikuwa amehama. Ujumbe wetu ulikwenda kwa yule mtaalamu. Alitupokea kwa upole, akatuambia: "Ndugu zangu, sikuombwa kukagua. Niliombwa kuwapangia hesabu kutokana na karatasi nilizoletewa. Karatasi ambazo hazikuletwa sikuziona." Tulirudi kwa mwenyekiti, naye akaapa kwamba alimwambia akague. Tukamwuliza, mliandikiana? Hapakuwa na maandishi. Palikuwa na mazungumzo ya nusu saa, kikombe cha chai, na kupeana mikono.

Mwishoni mwa kikao alisimama mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa ameweka fedha zake kwa miaka mitano. Akauliza, "Basi mimi nimwulize nani?" Hakuna aliyemjibu. Mada yetu ya leo ni jibu la swali lake, ingawa limechelewa.

2. Si kwetu peke yetu

Mtu asidhani kwamba aibu hii huwapata wanyonge wa vijijini tu. Huko New York, Marekani, ilitokea kesi ambayo mpaka leo hufundishwa kwa wanafunzi wa uhasibu, nayo hujulikana kama kesi ya 1136 Tenants' Corporation dhidi ya Max Rothenberg & Company. Wakazi wa jengo moja la ghorofa walilimiliki kwa njia ya ushirika. Walikuwa na wakala aliyekusanya michango yao na kulipa gharama za jengo. Katika miaka ya 1960 kampuni ya wahasibu ilipewa kazi ya hesabu za jengo hilo kwa mapatano ya mdomo, kwa ujira wa dola 600 kwa mwaka. Baadaye ikagundulika kwamba wakala alikuwa akizila fedha za wakazi.

Wakazi waliwashtaki wahasibu. Wahasibu wakajitetea kwamba waliombwa kuandika vitabu tu, si kukagua, na kwamba ndani ya taarifa zao walikuwa wameeleza kuwa hawakufanya uhakiki wowote wa kujitegemea. Lakini karatasi zao wenyewe za kazi ziliwasuta. Zilionyesha kwamba walikuwa wamezipitia taarifa za benki na ankara. Karatasi mojawapo ilikuwa orodha ya ankara zilizokosekana za mwaka 1963, ambazo jumla yake ilizidi dola 44,000. Waliziona pengo hizo, wakaziandika, wala hawakuwaambia wenye mali. Wahasibu walihukumiwa kulipa zaidi ya dola 237,000. Mahakama ya rufani iliithibitisha hukumu hiyo mwaka 1971, na mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ikaithibitisha tena mwaka 1972. Kazi ya ujira wa dola 600 ikazaa deni la namna hiyo.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, wanaopatana kwa mdomo huiachia mahakama kazi ya kuamua baadaye walipatana nini, na hapo upande mmoja lazima utashangaa. La pili, hata aliyeombwa kuandika vitabu tu, akiona moshi ni lazima awaambie wenye nyumba. Ujira mdogo hauondoi wajibu huo.

Wakazi wa New York walipata hukumu kwa kuwa walikuwa na mawakili na kwa kuwa karatasi za kazi zilipatikana. Yule mama yetu muuza samaki hakuwa na wakili, wala hakuwa na karatasi ya kumwonyesha hakimu. Ndiyo maana twasema kwamba mnyonge huihitaji barua kuliko tajiri.

3. Barua yenyewe yasema nini

Wahasibu huiita barua ya makubaliano. Mkaguzi huiandika, huipeleka kwa viongozi wa chama, shirika au mradi, nao wakiridhika huitia sahihi na kumrudishia nakala. Kanuni za kimataifa za ukaguzi, ambazo hutumika pia hapa Tanzania chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, zinamtaka mkaguzi kupatana na anaowakagua kwa maandishi. Kanuni yenyewe ni ya namba 210. Tuyatazame mambo makuu yanayopaswa kuwamo.

(a) Lengo na mipaka ya kazi. Je, ni ukaguzi kamili, au ni kupanga hesabu tu, au ni kuchunguza jambo moja, kama vile fedha za mfadhili fulani? Ni hesabu za mwaka gani, na za akaunti zipi? Kama parokia ina zahanati, shule ya chekechea na mashine ya kusaga, barua iseme kama vyote vitatu vimo.

(b) Wajibu wa viongozi. Hapa wengi hushtuka. Barua husema wazi kwamba hesabu ni za viongozi, si za mkaguzi. Wao ndio wanaopaswa kuziandaa kwa haki na kuweka udhibiti wa ndani, kwa mfano kwamba anayeidhinisha malipo asiwe yule yule anayeandika hundi na kutunza daftari. Wao pia huahidi kumpa mkaguzi nyaraka zote atakazozihitaji, na kumruhusu kuzungumza na mtu yeyote ndani ya chama bila kizuizi.

(c) Wajibu wa mkaguzi. Yeye huahidi kuchunguza kwa utaratibu wa taaluma yake mpaka apate uhakika wa kuridhisha kwamba hesabu hazina kasoro kubwa, ziwe zimetokana na makosa au na hila. Haahidi uhakika wa asilimia mia. Tuchukue mfano wa zahanati yenye stakabadhi 3,000 kwa mwaka. Mkaguzi hatazisoma zote. Atachagua baadhi kwa busara, atalinganisha na taarifa za benki, atahesabu dawa zilizopo ghalani, atauliza maswali. Wizi mdogo uliofichwa kwa ustadi waweza kumpita, na barua huyasema hayo mapema ili asiwepo wa kudanganyika.

(d) Kanuni za uhasibu zitakazofuatwa katika kuandaa hesabu, ili isitokee baadaye kila mmoja akapima kwa kibaba chake.

(e) Taarifa itakayotolewa. Barua hueleza sura ya taarifa, na huonya kwamba maoni ya mkaguzi yaweza kuwa tofauti na yale yaliyotarajiwa. Anayemlipa mkaguzi hanunui hati inayoridhisha. Hununua ukweli, na ukweli waweza kuja na hati yenye shaka.

Juu ya hayo huongezwa ujira, muda wa kazi, na lini taarifa itakuwa tayari. Barua nzima huweza kuenea katika kurasa chache. Mtu aliyemaliza darasa la saba akisomewa polepole ataielewa.

4. Kusudi lake

Tukiulizwa kwa nini barua hii huandikwa, tutajibu kwamba huandikwa ili kila mzigo ubaki kichwani pa mwenyewe.

Watu wengi humdhani mkaguzi kuwa polisi. Wakisikia mkaguzi amekuja, hulala usingizi, wakiamini kwamba mwizi sasa atakamatwa. Mwaka 1896 majaji wa rufani huko Uingereza, katika kesi ya kiwanda cha pamba cha Kingston, walimfananisha mkaguzi na mbwa alindaye nyumba, wakakataa kumfananisha na mbwa anusaye nyayo za mhalifu. Tangu siku hizo taaluma imepiga hatua, na leo mkaguzi anatakiwa kuifikiria hatari ya udanganyifu tangu anapopanga kazi yake. Hata hivyo, jukumu la kwanza la kuzuia wizi limebaki pale pale, yaani kwa viongozi wa chama. Wenye nyumba wasipofunga mlango, wasimlaumu mbwa peke yake.

Kwa hiyo barua hukata visingizio viwili kwa mkupuo mmoja. Kiongozi hawezi tena kusema, "Mkaguzi hakuona," kwa kuwa ametia sahihi kwamba hesabu ni zake. Mkaguzi naye hawezi kusema, "Sikuombwa," kwa kuwa ameandika mwenyewe alichoombwa. Chama chetu kilikuwa na visingizio vyote viwili, na katikati yao akiba za watu zikapotea.

Barua pia humlinda mkaguzi mwaminifu. Tuseme kazi imefika katikati, naye mwenyekiti anamnong'oneza, "Akaunti ya ujenzi iache kwanza." Kanuni zinamkataza kukubali kubadilisha makubaliano pasipo sababu ya haki. Akizuiwa kuendelea kama ilivyoandikwa, anapaswa kujitoa na kutazama kama analo jukumu la kuwaarifu wahusika wengine. Na kama tangu mwanzo viongozi wamemfungia kabati kiasi kwamba hataweza kutoa maoni yoyote, asiipokee kazi hiyo, isipokuwa sheria ikimlazimisha. Mkaguzi asiye na barua hana pa kujishikilia wakubwa wanapomkunjia uso.

Tutafakari tofauti hii. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anayo ibara ya 143 ya Katiba ya mwaka 1977, nayo humpa mamlaka ya kuzifikia nyaraka. Mkaguzi wa kikundi chetu au wa mradi wa parokia hana ibara ya Katiba. Mamlaka yake, kwa sehemu kubwa, ni yale tuliyomwandikia.

5. Barua si hirizi

Tusije tukatoka hapa tukidhani kwamba karatasi yenye sahihi mbili huleta haki kwa nguvu zake. Iko hatari ya kuandika barua nyembamba na kutangaza jambo pana. Barua yasema "kupanga hesabu," lakini mkutanoni kiongozi asema "zimekaguliwa." Hapo mhasibu hakusema uongo, ila wanachama wamedanganywa, na wamedanganywa na watu waliowachagua. Neno "kukagua" lina uzito. Lisitumike mahali ambapo kazi ya kukagua haikufanyika.

Iko pia hatari ya barua kufungiwa kabatini. Wanaotia sahihi ni viongozi na mkaguzi, lakini fedha ni za watu ambao majina yao hayamo kabisa. Yule mama hakutia sahihi mahali popote, na hata kama barua ingekuwapo, labda asingeiona. Hapa ndipo Tume inapoingia. Kwetu sisi, makubaliano juu ya mali ya wengi yasiyojulikana kwa hao wengi hayajakamilisha haki, hata kama yametimiza sheria.

Wengine hutuambia, "Kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana, nasi ni ndugu katika imani." Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mtume Paulo, alipokuwa akisimamia mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka kuubeba peke yake. Aliwachukua wenzake waliochaguliwa ili asiwepo wa kumtilia shaka, nasi twalisoma hilo katika sura ya nane ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo hairuhusu mambo haya yaende kwa mazoea. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la uchumi. Kanuni ya 1284 inawataka wasimamizi waweke vitabu vya mapato na matumizi kwa utaratibu mzuri, na kutoa taarifa kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1287 inawataka watoe hesabu kwa waamini juu ya yale ambayo waamini wenyewe wameyatoa. Wahenga wetu walikwisha kuyasema kwa ufupi: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba na ukaguzi bila barua hupotea vivyo hivyo.

6. Tufanye nini

Tunapendekeza mambo yafuatayo, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kabla ya kumpa mtu kazi ya ukaguzi, tuhakikishe kwamba amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Vyama vya ushirika vinalo pia Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Pili, kazi isianze kabla barua haijatiwa sahihi. Mkaguzi asiyeandika barua aombwe aiandike. Akikataa, tutafute mwingine.

Tatu, barua isiidhinishwe na mtu mmoja. Mweka hazina asiwe peke yake katika kumchagua mtu atakayemkagua yeye mwenyewe. Baraza au kamati nzima iisome, na kumbukumbu za kikao zionyeshe kwamba imesomwa.

Nne, barua isomwe mbele ya wanachama, kwa lugha wanayoielewa. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, mmoja wetu aieleze kwa Kiswahili, aya kwa aya, kabla ya mkutano kuombwa kupiga makofi.

Tano, kila mwaka tuitazame upya. Kanuni hazilazimishi barua mpya kila mwaka, lakini uongozi ukibadilika, mradi ukipanuka, au mfadhili mpya akija, barua ya zamani imekwisha kuwa nguo ya mtoto aliyekua.

Sita, taarifa ya ukaguzi ikija, iwekwe kando ya barua na kusomwa pamoja nayo. Tuulize: je, kilichoahidiwa ndicho kilichofanyika? Na yale mapungufu aliyotuandikia mkaguzi, nani atayarekebisha, na lini?

Ndugu waamini, fedha za chama chetu hazikurudi. Wanachama wachache walilipwa sehemu ndogo baada ya kuuzwa kwa samani za ofisi, na wengine wakakata tamaa. Watoto kadhaa hawakurudi shuleni mwaka ule. Tungeweza kumlaumu mweka hazina peke yake, na kweli kosa lake ni kubwa. Lakini sisi tulioketi mkutanoni tulikuwa na nafasi ya kuuliza swali moja kwa miaka mitatu mfululizo, tusiulize. Twawaomba ninyi mliulize katika mkutano wenu ujao: "Mkaguzi tumemwandikia nini, naye ametuandikia nini?" Mkijibiwa kwamba hakuna maandishi, msiruhusu kikao kifungwe kabla hakijapangwa nani atayaandika, na lini yatasomwa mbele yenu.



Maswali ya kujadiliana katika jumuiya ndogo ndogo

1. Katika chama, kikundi au mradi wetu, ni nani aliyemchagua mkaguzi, na makubaliano naye yako wapi?

2. Je, tunaijua tofauti kati ya kupangiwa hesabu na kukaguliwa? Sisi tulifanyiwa lipi mwaka uliopita?

3. Mwanachama asiyejua kusoma awezaje kushirikishwa katika mambo haya bila kudharauliwa?

4. Fedha zikipotea leo, yule mama akisimama na kuuliza, "Nimwulize nani?", jumuiya yetu itamjibu nini?